Mwanaume Mmoja katika Makala ya Wanawake

Makala yangu ya kwanza kuchapishwa ilihusu wanawake waliovunjika mikono katika wilaya yetu ya Lushoto. Ndani yake kuna mwanaume mmoja. Hakutengwa wala hakutolewa maelezo, yumo tu katikati ya wanawake. Mara kwa mara mwanafunzi wa uuguzi hunijia na makala ile mkononi, macho yakimng'aa, akidhani amekamata kosa la mchapaji. "Shikamoo Mama. Hapa nadhani mlikosea." Namwitikia, nacheka, kisha hasira yangu ya zamani inanipanda upya na namwambia avute kiti.

Nimeandika nyingine nyingi baada ya hiyo, pamoja na watu wa Dar es Salaam na wa ng'ambo, juu ya uzazi, kuhara na lishe ya watoto. Hizo ziliandikwa mezani, chai pembeni. Ile ya kwanza iliandikwa kwa fimbo, na wako watu katika habari ile ambao sijawasamehe mpaka leo.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Nilikuwa nesi wa wodi ya wanawake katika hospitali moja huko milimani. Sitaitaja, maana baadhi ya waliokuwamo wana wajukuu, na wajukuu hawana kosa. Mimi mwenyewe nilizaliwa bonde la juu ya Soni. Mashamba yetu kule yamening'inia kiasi kwamba ukidondosha kiazi unakwenda kukiomba kwa jirani wa chini. Baba alimpiga mama kwa mpini wa jembe, na mama alipoulizwa uso umefanya nini alijibu, "Nimeanguka." Hakuna aliyebisha. Nani atabisha Usambara mtu akisema ameanguka?

Lakini aibu haikuwa sababu pekee. Sababu nyingine tulikuwa nayo sisi wenyewe hospitalini. Mtu akisema amepigwa, kidonda chake hakiguswi mpaka alete fomu ya polisi, ile tunayoiita PF3. Kituo cha polisi kiko mbali. Akifika, anaulizwa barua ya balozi wa nyumba kumi, yaani kiongozi wa kaya kumi za jirani. Na balozi ni rafiki wa mumewe, au ni mumewe mwenyewe. Aliyesema ameanguka aliingia moja kwa moja, akaoshwa, akashonwa. Hivyo wanawake wote walianguka, na sisi tuliwaandika hivyo ili watibiwe.

Kati yao alikuwapo mmoja ambaye nilisoma naye shule ya msingi, dawati moja. Alikuwa na mwandiko mzuri kunishinda, na kicheko cha kuambukiza. Waliomwoza walimwoza kwa mtu mrefu mwenye maneno ya mkutanoni, ambaye baadaye akawa balozi wa nyumba kumi. Siku moja aliletwa sikio likitoka damu. Alianguka, alisema. Nilikuwa nalisafisha sikio lile mume alipoingia wodini na viatu vyake vya matope, akamwambia ainuke waende, nyumbani hakujapikwa. Nikamwambia, "Subiri nje, kaka." Alinizaba kofi mpaka kofia yangu ikaruka chini ya kitanda.

Sikufikiri. Nilikuwa na bakuli la chuma mkononi, nikampiga nalo usoni kwa nguvu zangu zote. Nyusi ikapasuka. Damu ilimfunika jicho, akawa anapapasa ukuta na kunitukana, na mimi namfuata kumwongeza, hadi mkuu wetu wa wauguzi alipotutenganisha.

"Nesi hapigi wagonjwa!" alinifokea.

"Huyu si mgonjwa."

"Sasa ni mgonjwa. Mshone."

Nilimshona. Bila ganzi. Ganzi ilikuwapo.

Sijutii hata uzi mmoja, ila aliyelipa si mimi. Mwenzangu wa dawati alirudi kwetu baada ya muda mfupi, safari hii mkono wa kushoto umevunjika katikati, chini ya kiwiko. "Nimeanguka mteremkoni, kwenye njia ya kisimani," alisema bila kunitazama. Njia ile naijua. Nimeipita mbio utotoni na ndoo kichwani.

Ndipo akaja daktari kutoka Dar es Salaam. Alikuwa mtafiti, mtu wa nchi tambarare kule ziwani, mpole, mchapakazi, na mbishi kama punda wa Mombo. Alikuwa amesikia kuwa wanawake wa kwetu wanavunjika mikono kupita wa sehemu nyingine, na tayari alikuwa na jibu: mteremko. Alitembea na pima maji, ile ya mafundi waashi, akiilaza njiani kuona ardhi imeinama kiasi gani. Alitaka nesi anayejua Kishambaa. Mkuu wangu akanitoa haraka sana, nadhani na dua alisoma.

Tukazunguka milima. Soni tuliwakuta wachuuzi wa mboga wenye mikono iliyounga vibaya. Rangwi tulikaa na kina mama waliokuwa wanatoka kanisani. Nilisalimia, "Onga mshi," nikauliza, nikatafsiri. Waislamu kwa Wakristo, jibu lilikuwa moja. Nimeanguka. Daktari akiandika, mimi nikichemka.

Jioni moja nilishindwa kuvumilia. "Daktari, mtu akianguka hutanguliza kiganja. Huvunjika hapa, kwenye kifundo. Hawa wengi wamevunjika hapa katikati. Mtu akianguka havunjiki hapa."

"Labda wameangukia jiwe."

Nikaichukua pima maji yake juu ya meza na kuizungusha kuelekea kichwa chake. Naye akainua mkono kujikinga, kama mtu yeyote angefanya. Nikaisimamisha karibu na nyama ya mkono ule, katikati kabisa.

"Umeona ingekuvunja wapi?"

Aliipokonya. "Sista, mimi naandika anachosema mgonjwa. Siwezi kuandika unachowaza wewe."

"Andika unachosema mfupa."

Hatukuongea mpaka kesho yake, na nampa haki yake, wazo la kutupatanisha lilikuwa lake. Alisema twende Mnazi, chini kabisa, kule hakuna mlima. Kama mteremko ndio mkosaji, Mnazi watakuwa wazima. Kama wamevunjika vilevile, atafuta kila alichoandika. Nilikubali papo hapo.

Wakati ule watu wa milimani walikuwa wakihamishiwa bondeni kwenye vijiji vipya, nyumba zimepangwa mistari, kipande cha reli kimetundikwa cha kugongea watu waende shamba la pamoja. Wengine walikwenda kwa hiari, wengine walipandishwa malori huku wanalia na kuku wao. Mwenzangu na mumewe walikuwa wameshahamia huko. Nilijua hilo, ila sikujua ni kijiji kipi.

Mnazi jua linachoma mpaka kooni. Zahanati ilikuwa chumba kimoja na benchi nje. Mganga wa zahanati alituitia wanawake, wakaja, wamekaa wanajipepea kwa ncha za kanga. Mikono ileile. Katikati.

"Umepatwa na nini, mama?"

"Nimeanguka."

"Wapi?"

"Pale shambani."

Daktari akaenda pale shambani. Akailaza pima maji chini. Akaihamisha huku, akaihamisha kule. Pote kile kitone cha hewa kilisimama katikati hakitikisiki. Alichuchumaa kitambo, jasho linamtiririka mgongoni. Nilitaka kumcheka, nikaona uso wake nikaacha.

Aliporudi, mwenzangu alikuwa amefika. Amekonda, kanga imefunga mkono wa kushoto uleule, mumewe nyuma yake na fimbo ya mpingo ya kuendea mikutano. Kovu nililomwachia lilikuwa kwenye nyusi ya mume. Alinitambua, akatabasamu upande mmoja.

Daktari hakuwajua. Aliuliza kama alivyouliza wote. "Umepatwa na nini, mama?"

"Nimeanguka mteremkoni."

Pale benchini mmoja akaguna, mwingine akacheka kwa pua. Uwongo wa milimani mwenzangu alikuwa ameuzoea mno. Alihama nao pamoja na vyungu vyake, na siku ile ulimtoka kabla hajatazama yuko wapi.

Daktari hakumkejeli. Nilikuwapo, nashuhudia. Aliuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayetaka kujua njia, "Mteremko uko wapi, mama?"

Mwenzangu akatazama. Mbele yake ardhi ilinyooka kama jamvi mpaka macho yanapokoma. Aliitazama kwa muda. Halafu akainua mkono wake mzima, akamnyooshea mumewe kidole.

"Huyu," alisema.

Fimbo ilishuka kabla sijafumbua mdomo. Ilimpata kichwani, juu ya sikio, akaenda chini bila kupiga kelele. Iliponyanyuka mara ya pili daktari alikuwa ameshajirusha katikati, na akainua mkono wa kulia. Nilisikia mfupa. Ulilia kama bua kavu la mahindi. Nilimrukia yule mtu mgongoni, nikamng'ata bega mpaka nikaonja chumvi. Akanitupa ukutani. Na hapo wanawake wa benchi waliinuka, kila mmoja na mkono wake mmoja mzima, wakamwangusha na kumkanyaga. Walimkanyaga bila kusema neno, kama watu wanaofinyanga udongo wa kukandika nyumba. Mganga wa zahanati na mgambo wawili ndio waliomwokoa. Nilikuwa naomba wachelewe.

Tukapakia Landrova, daktari mbele na mkono wake mapajani, mimi nyuma na kichwa cha mwenzangu miguuni pangu. Barabara ya kupanda kutoka Mnazi ni kona juu ya kona. Alitapika. Akawa anasinzia na kuzinduka, na jicho moja mboni ilikuwa imetanuka kupita ya pili. Nilijua maana yake. Damu ilikuwa inamjaa ndani ya fuvu, na asipofunguliwa upesi hatafika mbali.

Mimi niliyekuwa nimegombana na dunia nzima ili mtu mmoja aseme kweli, nilianza kumbembeleza adanganye.

"Tukifika sema umeanguka," nilimwambia kwa Kishambaa. "Mara moja tu. Ya mwisho. Waingize ndani kwanza."

"Nimeshuka mpaka Mnazi," alinijibu taratibu, "sikuona pa kuangukia. Sisemi tena."

"Mwenzangu, nakuomba."

"Wewe ndiye ulikuwa unanigombeza."

Nililia kwa hasira. Nilimgombeza tena, nikamwita jeuri, nikambusu paji la uso.

Hospitalini karani wa mapokezi alikuwa dirishani pake, kalamu mkononi. Daktari ndiye aliyetangulia. Alikuwa wa kijivu kwa maumivu, midomo imekauka.

"Shikamoo Daktari. Umepatwa na nini?"

Nilimtazama. Alinitazama. Alijua utaratibu sawasawa kama mimi.

"Nimeanguka," alisema.

"Pole sana, Daktari. Milima yetu hii!" Karani akaita kiti cha magurudumu, na daktari wa zamu akatoka mwenyewe kumpokea. Siku ile daktari wa zamu alikuwa huyo mmoja tu. Wakaingia, mlango ukafungwa.

"Na mama?"

Nilifungua mdomo, lakini mwenzangu, aliyekuwa ameegemea bega langu, aliinua kichwa mwenyewe.

"Nimepigwa. Mume wangu amenipiga."

Karani akaweka kalamu chini. "PF3."

"Ameanguka!" nilipiga kelele. "Amechanganyikiwa, mwone jicho lake! Ameanguka!"

"Mwenyewe amesema amepigwa, ndugu nesi. Mimi naandika anachosema mgonjwa. Sheria ni msumeno."

Nilimkamata kola nikamvuta akatoka dirishani nusu. Wino ulimwagika. Nilimpiga kwa ngumi, kwa kiganja, kwa chochote, na watumishi wawili walinishika mikono huku napiga mateke mlango wa chumba cha upasuaji. Ndani wakasema subirini, wanaunga mfupa wa mtafiti. Walimlaza mwenzangu kwenye benchi la mapokezi. Basi nikakimbia polisi. Viatu niliviacha njiani.

"Barua ya balozi iko wapi?" aliniuliza askari.

"Balozi ndiye aliyempiga!"

"Basi ya balozi wa jirani."

Sikumbuki nilimwambia nini. Nakumbuka askari mtu mzima alitoka chumba cha nyuma, akaniangalia miguu yangu iliyokuwa inatoka damu, akachukua fomu, akaijaza bila kuuliza na kugonga muhuri. Nilirudi nayo mbio nimeikunja kifuani. Benchini mtu alikuwa ameshamfunika uso kwa kanga yake mwenyewe. Karani aliipokea fomu ile kutoka mkononi mwangu. Aliikagua kwanza, kisha ndipo akajua haina kazi.

Tulimzika kwao, bonde letu la juu ya Soni, ukungu umetanda migombani. Mume alikuwa rumande, na msidhani ni kwa ajili ya mke. Alimvunja mkono daktari wa serikali. Kaka yake mkubwa ndiye aliyesema kwa niaba ya upande wao. Wanawake tulikuwa ndani, na mimi nilichungulia kwenye ufa wa ukuta. Wanaume walikuwa wamekaa uani juu ya majamvi, na daktari alikuwa kati yao, mkono umefungwa hogo jeupe la plasta ambalo hakuna jicho lililoacha kulitazama.

"Marehemu alianguka," alisema yule kaka. "Sote ni wa Mungu na kwake tutarejea."

Wanaume wakaitikia. Daktari aliinamisha kichwa. Nilingoja. Hakusema kitu. Nilingoja tena mpaka wakaanza kuinuka kubeba jeneza, na moyoni nikaapa kumvunja mkono wa pili.

Watu walipotawanyika alinifuata nyuma ya jiko, nilipokuwa nasugua masufuria ya msiba kwa majivu. Akasimama.

"Pole, Sista."

"Ondoka."

"Nilitaka kusema. Sauti haikutoka."

"Kule dirishani ilitoka."

Kuku walipita kati yetu. "Ilikuwa inauma," alisema. "Nilifikiria njia ya kwenda polisi, na barua, na kungoja. Nikaona neno moja tu ndilo litanifikisha ndani. Sikulichagua, lilikuwa mdomoni tayari." Akaketi kwenye kigogo bila kukaribishwa. "Chukua kalamu. Mimi siwezi kuandika."

Sikutaka. Lakini mikono yangu ilikuwa imechoka kugombana, nikaisafisha kwenye kanga, nikachukua. Alinisomea yote upya. Kila mwanamke tuliyemwona, kuanzia Soni na Rangwi hadi Mnazi, apangwe kwa mahali mfupa ulipovunjika, na alichosema mdomo kiwekwe pembeni. Mwishoni tuandike kwamba hospitali itibu kwanza, fomu ifuate. Mwenzangu awemo, na neno lake liandikwe kama alivyolisema. Tulifanya kazi mpaka ukungu ukashuka mpaka kizingitini na mama yangu akatuletea uji.

"Sasa niingize na mimi," alisema.

"Wewe ni mwanaume."

"Mfupa wangu umevunjika wapi?"

Niliutazama mkono ule. Sikuwa na huruma naye, na sitasema kwamba nilikuwa nayo. Nilikaa wima kama karani, nikaishika kalamu kama yeye.

"Umepatwa na nini?"

Alitazama kule migombani kulikokuwa na udongo mbichi, akanirudishia macho.

"Nimepigwa," alisema.

"PF3 unayo?"

Alitikisa kichwa, machozi yakamdondokea juu ya plasta. Nikamwandika bila fomu.